Orodha ya heshima za maprofesa wa biolojia: binti yangu aisomeje?

Swali: Mwalimu, binti yangu amemaliza shahada ya kwanza ya biolojia na amepata nafasi mbili za kusomea uzamivu Marekani. Anataka ikolojia ya wanyama. Idara ya kwanza imemtumia kijitabu kilichojaa heshima za walimu wake: wanachama wa Akademia ya Taifa, wenye viti vya majina ya watu, wenye nishani. Idara ya pili ina walimu vijana wengi, na cha kujivunia kwao ni kitu kinachoitwa CAREER. Baba yake anasema aende kwenye majina makubwa. Mwenyewe moyo unampeleka kule kwa pili. Heshima hizi zina maana gani hasa, na tuzipe uzito kiasi gani? (Mama, Morogoro)

Jibu: Shikamoo mama, na hongera sana. Nafasi moja tu ya uzamivu ni ngumu kuipata, sembuse mbili kwa mpigo. Mfikishie na baba salamu zangu, umwambie sibishani naye: majina makubwa hayapatikani kwa bahati, na orodha aliyoiona ni ya kweli. Tatizo langu ni kwamba orodha ile inaeleza nani alifanya nini zamani, wakati binti yenu anahitaji kujua nani atakaa naye miaka mitano au sita ijayo, kwa fedha gani, na kwa muda gani wa kumsikiliza. Baadhi ya heshima zinagusa hayo. Nyingi hazigusi.

Nianze na vyeo, kwa sababu hapo ndipo wazazi wengi wa kwetu hujikwaa. Kwetu mtu hupanda kutoka mhadhiri msaidizi hadi mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, kisha profesa kamili. Tukisikia "profesa" tunaona mvi. Marekani mtu huitwa profesa tangu siku anayoajiriwa. Yule wa ngazi ya kwanza kabisa, ambaye jina la cheo chake ukilitafsiri neno kwa neno utapata "profesa msaidizi", si msaidizi wa mtu. Ana shahada ya uzamivu, mara nyingi ana miaka kadhaa ya utafiti baada yake, ana maabara yake na wanafunzi wake. Kwa kawaida, kwenye mwaka wa sita hivi, chuo huamua ama kumpa ajira ya kudumu ama kuachana naye. Kwa hiyo binti akiambiwa msimamizi wake ni "msaidizi", msishtuke.

Neno "kiti" nalo lina mtego. Kwa Kiingereza neno moja hubeba mambo mawili. Kuna mkuu wa idara, anayeendesha vikao na bajeti, kazi ambayo walimu huipokezana na wengine huikimbia. Na kuna kiti cha uprofesa chenye jina la mfadhili: tajiri au familia ilitoa fedha, chuo kikaziwekeza, na faida ya kila mwaka hulipa sehemu ya mshahara au utafiti wa anayekalia kiti hicho. Hicho cha pili ni heshima, na ina faida ya vitendo, maana mwenye kiti huwa na fungu dogo lisilotegemea ruzuku. Lakini anayekitoa ni chuo chenyewe, kumpa mtu wake, na pengine ni kumzuia asichukuliwe na chuo kingine. Usikipime sawa na heshima inayotolewa na watu wa nje.

Heshima za nje sasa. Hapa neno la kuangalia ni "mwanachama". Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilianzishwa mwaka 1863, kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Abraham Lincoln. Huombi kuingia. Wanachama waliomo ndio hupendekeza na kupiga kura, na kila mwaka huingiza raia wa Marekani wasiozidi 120 na wageni wasiozidi 30, kutoka fani zote za sayansi. Idara ya biolojia yenye wanachama wanne au watano ni idara nzito, hilo halina ubishi. Sasa linganisha na Chama cha Marekani cha Kuendeleza Sayansi, AAAS, kilichoanza mwaka 1848. Huko mwanachama ni yeyote anayelipa ada. Mimi naweza, nawe mama unaweza. Heshima ya AAAS haiko kwenye uanachama, iko kwenye daraja la juu yake, ambalo wamekuwa wakilitoa tangu mwaka 1874 kwa wanachama waliopendekezwa na kukubaliwa kwa kazi yao. Wanaopata hilo kila mwaka ni mamia. Ni heshima nzuri, ila ni pana zaidi kuliko Akademia. Nimesoma wasifu wa watu wazima wakijiandika "mwanachama wa AAAS" kana kwamba wamechaguliwa, na wasomaji wakapiga makofi.

CAREER ya ile idara ya pili haifai kudharauliwa hata kidogo. Hutolewa na Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani kwa walimu wa ngazi ile ya kwanza tu, wasiokuwa bado na ajira ya kudumu. Ni ruzuku ya miaka mitano isiyopungua dola 400,000 (kwa kitengo cha biolojia, 500,000), na mwombaji lazima aonyeshe jinsi utafiti wake utakavyoshikamana na ufundishaji. Mtu anaruhusiwa kujaribu mara tatu katika maisha yake. Aliyeipata amesomwa na wataalamu wenzake, wakaamua kwamba mpango wake wa miaka mitano ijayo una mashiko. Tazama tofauti: Akademia inaheshimu kazi iliyokwisha, CAREER inalipia kazi ambayo haijafanywa. Na kazi ambayo haijafanywa ndiyo atakayoifanya mwanafunzi kama binti yenu, kwa fedha hizo hizo.

Ziko heshima nyingine zenye fedha ndani. Taasisi ya Tiba ya Howard Hughes, HHMI, iliyoanzishwa mwaka 1953, huchagua mtafiti, ikamwacha pale pale chuoni kwake, ikamlipa yenyewe. Waliochaguliwa mwaka 2024 walipangiwa takriban dola milioni 11 kila mmoja kwa miaka saba. Maabara ya namna hiyo haihangaiki na kununua kemikali, ila HHMI huelemea biolojia ya seli, jeni na magonjwa, kwa hiyo kwa ikolojia ya wanyama msiitarajie sana. Wakfu wa MacArthur hutoa dola 800,000 kwa miaka mitano bila masharti na bila maombi: mtu hupigiwa simu tu. Wakfu wa Guggenheim, ulioanza mwaka 1925, humsaidia msomi kupata muda wa kufanya kazi yake bila kufundisha. Mkiona profesa kaipata mwaka huu, binti aulize kama mwaka ujao atakuwepo chuoni.

Tuzo za ufundishaji mara nyingi huwekwa chini kabisa ya orodha kwa herufi ndogo. Mimi huanzia huko chini.

Nikwambie kisa cha Barbara McClintock, kwa sababu kinahusu mahindi, na mahindi tunayajua. Mama huyu alichunguza kwa nini punje za muhindi mmoja hutoka na madoadoa, nyingine zambarau, nyingine nusu kwa nusu. Akiwa Cold Spring Harbor, jimbo la New York, aligundua kwamba baadhi ya vipande vya urithi havitulii mahali pamoja kwenye kromosomu. Huhama, na vikihamia kwenye jeni ya rangi huizima, vikiondoka rangi hurudi. Akawaeleza wenzake kwenye mkutano wa mwaka 1951. Wengi hawakumwelewa, na baada ya miaka michache akapunguza kuandika juu ya jambo hilo. Sasa angalia orodha yake ya heshima. Akademia ya Taifa ilimchagua mwaka 1944, mwanamke wa tatu tu kuingia humo, kwa kazi ya kabla ya ugunduzi huo. Tuzo ya Nobel, kwa ugunduzi wenyewe, ilimfikia mwaka 1983, akiwa na miaka 81. Mtu ambaye angesoma orodha yake mwaka 1951 angemwona mwanachama wa Akademia, asijue kwamba jambo kubwa kuliko yote liko mezani wiki hiyo hiyo. Angeisoma mwaka 1983 angeona Nobel, na mwenyewe ni bibi wa miaka 81.

Hilo halikunifikia kwa kulisoma. Nilipokwenda kusoma Marekani nilifanya kile ambacho baba anakipendekeza. Nilichagua mzee mwenye uanachama wa Akademia, mwenye kiti, mwenye jina lililokuwa kwenye kitabu changu cha kiada. Alikuwa mwema kwangu. Lakini nilionana naye mara nne kwa muhula mzima, na mwaka wangu wa pili ulipoisha akastaafu. Nikabaki na data za nusu ya utafiti na jina kubwa kwenye fomu. Aliyenipokea alikuwa mama kijana wa mlango wa tatu kutoka pale, hana hata mstari mmoja kwenye kijitabu cha idara. Alisoma kila sura ya tasnifu yangu mara mbili, na kalamu yake nyekundu hadi leo naiona nikisahihisha za wanafunzi wangu. Kwa hiyo neno moja la kutazama kwenye orodha, mama: mbele ya jina la profesa likiandikwa "mstaafu wa heshima", huyo mara nyingi hachukui tena wanafunzi wapya. Idara humwacha kwenye orodha kwa sababu heshima zake bado zinang'aa. Binti azihesabu heshima za idara ile upya baada ya kuwatoa wastaafu na wale wanaokaribia. Huenda orodha ikafupika sana.

Kuna na upande ambao orodha haiuonyeshi kabisa: walioachwa nje. Martin Chalfie wa idara ya biolojia ya Chuo Kikuu cha Columbia aligawana Nobel ya kemia mwaka 2008 na wenzake wawili kwa protini inayong'aa kijani, ambayo asili yake ni yavuyavu, yule kiumbe laini wa baharini anayewasha. Siku hizi hakuna maabara ya biolojia isiyoijua. Jeni ya protini hiyo ilipatikana na mtu mwingine, Douglas Prasher, ambaye aliitoa kwa Chalfie bure mwaka 1992, ruzuku yake mwenyewe ikiwa imekwisha. Mwanafunzi wa uzamivu aliyekuwa kwa muda mfupi katika maabara ya Chalfie ndiye aliyeiweka kwenye bakteria, wakang'aa. Nobel hugawanywa kwa watu wasiozidi watatu. Ilipotangazwa, Prasher alikuwa dereva wa kuwapeleka wateja wa duka la magari huko Huntsville, Alabama. Chalfie alisema hadharani kwamba kamati ingeweza kabisa kumpa Prasher na kumwacha yeye, na yeye na Roger Tsien, mmoja wa wale wenzake wawili, walimgharamia Prasher safari ya kwenda Stockholm. Namheshimu Chalfie kwa maneno hayo kuliko kwa tuzo yenyewe. Ni msimamizi wa namna hiyo ambaye ningemtafutia mwanangu, na hakuna mstari kwenye kijitabu unaoweza kukuonyesha.

Kwa binti anayetaka wanyama, jambo hili liko karibu zaidi na nyumbani. Heshima nyingi za idara za biolojia za Marekani zimejengwa juu ya ardhi ya Afrika Mashariki. Jeanne Altmann wa Princeton aliingia Akademia mwaka 2003, na kazi yake kuu ni nyani wa Amboseli, Kenya, ambao wamefuatiliwa mfululizo tangu mwaka 1971. Robert Sapolsky wa Stanford alipata MacArthur mwaka 1987, naye amechunguza msongo wa nyani wa Maasai Mara kwa miaka mingi. Sioni ubaya hapo, ni sayansi nzuri. Ila nyuma ya miaka mingi hiyo wako watu wa kule kule waliowajua nyani kwa sura mmoja mmoja, asubuhi baada ya asubuhi, wakati profesa akiwa darasani ng'ambo. Idara nyingi hazina safu ya kuwaorodhesha.

Mara moja moja heshima huwafikia. Kamoya Kimeu wa Kenya, ambaye elimu yake ya darasani iliishia shule ya msingi, ndiye aliyeona kipande cha kwanza cha mifupa ya Kijana wa Turkana, binadamu wa kale, mwaka 1984. Mwaka 1985 alipokea nishani ya shirika la National Geographic mikononi mwa Rais Reagan. Udaktari wa heshima kutoka Chuo Kikuu cha Case Western Reserve aliupata mwaka 2021, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Miaka 37 baada ya Turkana! Lakini jamaa wa nyani na sokwe wa kale wawili wana jina lake: Kamoyapithecus na Cercopithecoides kimeui. Kwa wanabiolojia hii ni heshima ya pekee, na mimi naipenda kuliko nishani, kwa sababu huitoa mtu aliyekuwa na kiumbe mkononi akamkumbuka mwenziwe. Hapo juu ya mji wenu, kwenye misitu ya Uluguru, yuko kirukanjia mdogo anayeitwa Sylvisorex howelli, aliyepewa jina mwaka 1984 kwa heshima ya Profesa Kim Howell, aliyefundisha zuolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miongo mingi na ni mmoja wa wanne waliomwandika kisayansi chura wa Kihansi. Binti akipanda Uluguru anatembea juu ya heshima ya mwalimu.

Kwa hiyo akifungua makala za wasimamizi anaowafikiria, asiangalie tu zimechapishwa wapi. Aangalie majina. Katika biolojia wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyebeba kazi, na wa mwisho ndiye mwenye maabara. Wanafunzi wa profesa huyo wanatokea wa kwanza? Utafiti uliofanyika Tanzania au Kenya una mwandishi wa Tanzania au Kenya? Sarah Tishkoff, akiwa idara ya biolojia ya Chuo Kikuu cha Maryland, alichapisha mwaka 2007 makala iliyoonyesha kwamba uwezo wa watu wazima kumeng'enya maziwa ulijitokeza Afrika Mashariki kwa mabadiliko ya jeni tofauti na yale ya Ulaya. Walichunguza watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, na miongoni mwa waandishi wamo watafiti wa Muhimbili, wa Nairobi na wa Khartoum. Mwaka 2017 Akademia ikamchagua. Hapo heshima na majina ya wenyeji vimekwenda pamoja, na inawezekana.

Sasa fedha, maana hapa wageni huumia. Kijitabu kinaweza kusema "wanafunzi wetu wanalipiwa na ruzuku za mafunzo za serikali". Nyingi za ruzuku hizo, pamoja na ufadhili maarufu wa wanafunzi wa Shirika la Taifa la Sayansi, ni za raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu peke yao. Binti yenu hazimhusu. Yeye atalipiwa kwa kufundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza au kutoka kwenye ruzuku ya msimamizi wake. Ndiyo maana CAREER iliyobakiza miaka mitatu ina thamani kwake kuliko nishani tano ukutani. Aombe barua inayosema posho ya kujikimu ni kiasi gani kwa mwaka, inadumu miaka mingapi, ada na bima ya afya vinalipwa na nani, na miezi ya kiangazi analipwa au halipwi. Aulize pia kama mwaka wa kwanza atazunguka kwenye maabara kadhaa kabla ya kuchagua, au anapokelewa na msimamizi mmoja moja kwa moja, kama idara nyingi za ikolojia zifanyavyo. Akizunguka, kosa la kuchagua linarekebishika. Akipokelewa na mmoja, mtu huyo ndiye kila kitu.

Na awaandikie wanafunzi wa sasa, si maprofesa. Watatu kutoka kila idara, na mmoja wao awe mgeni kama yeye. Awaulize mara ya mwisho walikaa na msimamizi wao lini, na waliomaliza kabla yao wako wapi sasa. Wanafunzi huwa wakweli kwa mwenzao, hasa wakipigiwa simu badala ya kuandikiwa.

Kwa niliyoyasoma kwenye barua yako, mama, mimi naegemea upande wa binti, kwa sharti kwamba mwalimu mwenye CAREER ni huyo huyo wa ikolojia anayemtaka, na ruzuku yake haijafika ukingoni. Ikiwa mwalimu huyo anafanya kazi ya seli na binti anataka wanyama, basi hoja yangu inaanguka, na baba ashinde. Ipo pia hatari ambayo sitaificha: mwalimu asiye na ajira ya kudumu anaweza kunyimwa ajira hiyo wakati binti yuko katikati ya masomo. Aulize yuko mwaka wa ngapi, na nani wa idara ile angempokea likitokea la kutokea. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu kule. Atakayechukia kuulizwa amejibu tayari.

Msiharakishwe. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba mwanafunzi aliyepewa nafasi ya uzamivu yenye ufadhili ana hadi tarehe 15 Aprili kujibu. Idara ikimwambia ajibu kabla ya hapo, ajibu kwa upole kwamba anaheshimu tarehe hiyo, kisha aendelee kupiga simu zake.